Baba Mdogo, Usitazame Kamera

2 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Simu yako nimeipiga mpaka yule dada wa "namba haipatikani" nimemzoea kama ndugu. Nasikia mnara bado umelala chini tangu siku ya mafuriko, na watu wa kampuni ya simu kila wiki wanasema wiki ijayo. Basi nimerudi kwenye kalamu. Barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji, yule mrefu, anayefika hadi ng'ambo ya mto kila akipata mzigo wa wajenzi wa daraja, kisha anavuka kwa mtumbwi. Jibu mpe huyo huyo.

Huku hatujambo. Mke wangu wamemhamishia shule ya upande wa pili wa jiji. Anaondoka sijaamka, anarudi nimelala, tunaonana Jumapili kama wachumba. Mwanetu ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki tena kucheka mbele ya wageni. Wote wanakusalimu. Nisalimie kinyozi na mkewe, nisalimie mwalimu mkuu, nisalimie mtaa mzima wa mafundi, hata yule mbuzi wako mwenye pembe moja. Poleni sana na mafuriko.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mimi na wenzangu tumeandaa tamasha la filamu, la mtandaoni. Ni filamu za watu wa kanda yetu tu, zile zisizo na kampuni nyuma yake, tulizopiga kwa kamera za kuazima na majirani wakaigiza. Mtu popote alipo anakata tiketi kwa simu, anatazama kwake, na pesa yote inakuja huko kwenu. Tunafungua Juni. Tunataka kuanza na zahanati, maana nasikia haina paa.

Na sikia hili: Kiti cha Kinyozi imechaguliwa! Filamu yangu ya kwanza, ile tuliyoipiga hapo mtaani! Nimeihariri upya, imekuwa fupi, safi, yale makosa ya utoto nimeyafuta yote. Utajivunia.

Kamati ina ombi moja dogo. Kwa simu ya kinyozi, ujirekodi dakika moja hivi, umesimama mbele ya nyumba, yaani pale ilipokuwa nyumba, uwashukuru watazamaji kwa msaada wao. Mwenyekiti wetu anasema machozi yakija usiyazuie. Kadi ya kurekodia nimeifunga kwenye bahasha hii, dereva atairudisha.

Mwanao,
Direkta

15 Machi

Direkta,

Marahaba. Barua yako imefika. Dereva aliifanya kitako cha chupa yake ya chai, kwa hiyo ukurasa wa pili una duara la kahawia na nusu ya mwenyekiti wako imefutika. Hiyo nusu iliyobaki imenitosha.

Salamu nimezifikisha. Kinyozi anakata nywele chini ya turubai, na wembe anao mmoja. Mwalimu mkuu ametupa darasa la pili, tunalala humo familia nne, ubaoni bado kuna hesabu za kuzidisha ambazo hakuna aliye na moyo wa kuzifuta. Watoto wa jirani yangu wamezikariri kwa kulala tu. Cherehani yangu haipo, imekwenda, hata mguu wake sijauona. Nashona kwa mkono. Juzi nimemshonea mke wa kinyozi gauni, mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwenzake, naye kwa huruma akasema ndiyo mtindo. Mbuzi naye kachukuliwa na maji, salamu zako zimfuate huko huko.

Sasa nikuulize na mimi. Niwashukuru watu kwa msaada gani? Tamasha lenu ni Juni, leo ni Machi, paa la zahanati ni mbingu. Hiyo asante naitoa wapi, niikope? Na machozi nisiyazuie! Mwambie mwenyekiti wako machozi ya kwangu hayasubiri simu ya kinyozi, na yakija hayaombi ruhusa ya kamati. Kadi yako hii hapa, nimeirudisha kama ilivyokuja.

Na hayo "makosa ya utoto" ni yapi? Mimi katika filamu hiyo nilisimama na lile shuka jeupe toka asubuhi hadi jioni, eti nirudishe mwanga kwenye nyuso za watu, pini mdomoni, mikono imekufa ganzi, kila siku ya Mungu ubavuni mwa kamera yako. Jina langu mwishoni uliliandika? Hukuliandika. Kama unasahihisha makosa, anza na hilo.

Halafu kuna jambo jingine. Umesalimia kinyozi, mwalimu mkuu, mafundi, mpaka mbuzi. Umetoa pole ya mafuriko. Nimeisoma barua yako, nikaigeuza nyuma, nikatazama ndani ya bahasha. Mume wangu, aliyekuchukua kwa kaka yake ukiwa hujui hata kujifunga kamba za viatu, akakulea, akakusomesha kwa kuchomelea mageti ya watu, nimemzika tangu mwisho wa Januari. Kwako wewe sijapata neno moja. Hata moja! Mbuzi kapata.

Nangoja.

Mama Mdogo

1 Aprili

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Una haki ya kukasirika. Lile la machozi lilikuwa wazo la mwenyekiti, mimi nililiandika tu, na nimemwambia halifai. Akaguna. Ni mtu mzuri ila amezoea matangazo ya dawa ya meno.

Mke wangu anakusalimu. Mtoto ameanza kuota meno mapya, makubwa kuliko mdomo. Hapa mvua imekuwa ya rasharasha tu lakini kila ikianza mimi naamka kufunga madirisha hata yaliyofungwa.

Kuhusu hayo mengine, Mama Mdogo, nimekuelewa. Tutayaongea uso kwa uso, si mambo ya karatasi. Unajua mwenyewe barabara ilikatika pale darajani, hakuna gari lililovuka.

Kuhusu filamu: usidhani nimeiharibu. Nilichoondoa ni zile sehemu ambazo kuna mtu anatazama kamera. Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yetu. Mtazamaji akitazamwa, anashtuka, anakumbuka kwamba yuko mbele ya filamu, hadithi inamtoka. Majaji wa tamasha ni watu wa kazi, wangeicheka. Jina lako nimeliweka mwishoni, herufi kubwa, peke yake kwenye mstari: Mwanga.

Nimekuandalia zawadi. Huna haja ya kungoja Juni, unaweza kuitazama sasa hivi. Hiki hapa kiungo chake, ni cha siri, cha wanakamati tu, usimpe mtu. Nimekinakili kwa mkono herufi kwa herufi, angalia ile alama ya tano ni sifuri, si o. Kimechukua mistari miwili. Kibonyeze tu.

Mwanao,
Direkta

12 Aprili

Direkta,

Marahaba.

Nimebonyeza. Nimebonyeza kwa kidole gumba, nikabonyeza kwa cha shahada, nikamwita kinyozi naye akabonyeza kwa ncha ya mkasi, karatasi imetoboka. Hakuna filamu. Wewe mwanangu una akili kweli? Umeniandikia barua ya mkono kwa sababu huku hakuna mtandao, halafu ndani ya barua hiyo hiyo umeniwekea kitu cha mtandao, na onyo juu yake kwamba sifuri si o! Darasa zima limecheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu tuhamie humu, kwa hilo tu nakushukuru.

Na hapo ndipo tamasha lenu linaponichosha. Watu wote duniani watatutazama sisi, isipokuwa sisi.

Haya, tuache mzaha. Unasema umeondoa mahali ambapo "kuna mtu" anatazama kamera. Mtu! Tangu lini Baba Mdogo wako amekuwa "mtu"? Nani mwingine alikuwa anatazama kamera? Kinyozi alijua kuigiza kuliko hata nilivyodhani. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Ni yeye mmoja tu. Waigizaji walikuwa hawatoshi, ukamfanya polisi, ukamfanya mgonjwa, ukamfanya mteja mwenye povu la sabuni usoni, ukamfanya shahidi wa ndoa, na kila mara anageuka, anatazama. Wewe unafoka: "Baba Mdogo, usitazame kamera!" Yeye: "Sawa, sawa." Mnaanza upya, anatazama tena. Siku tulipoonyesha pale shuleni watu walikuwa hawangoji hadithi, wanamngoja yeye. Akitokea tu, ukumbi mzima: "Huyo tenaaa!" Ulikimbilia nje kwa hasira, yeye akakufuata na soda.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sitalirudia. Maji yalichukua albamu. Yalichukua simu yake na yangu. Kitambulisho chake alikuwa nacho mfukoni alipotoka kwenda kumvuta mke wa jirani majini akazama yeye, kikaharibika, uso umefutika. Kinyozi ametafuta kwa watu wote, hakuna mwenye picha yake, kwa sababu mtu ambaye yupo kila siku hapigwi picha. Wiki iliyopita nilikuwa naosha vyombo, nikajiuliza lile kovu la cheche la moto lilikuwa kwenye nyusi ya kulia au ya kushoto. Sikujua, Direkta! Nimelala ubavuni mwake miaka yote hiyo na sikujua. Nikaacha vyombo hapo hapo.

Amebaki kwenye filamu yako tu. Hiyo chafu, yenye makosa. Sitaki safi. Niletee hiyo, yote, na kitu cha kuionyeshea, jenereta tutaazima kwa wanaojenga daraja. Sina ombi jingine kwako wala kwa kamati yako.

Mama Mdogo

6 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, maandalizi yamepamba moto. Sote wazima. Mke wangu anakusalimu.

Tumepata filamu nyingi nzuri na tiketi zimeanza kuuzwa. Bati za zahanati zimekwisha kuagizwa kwa mkopo, zitatangulia hata kabla ya ufunguzi, tafadhali mwambie mwalimu mkuu azipokee.

Kuhusu nakala ya zamani, sina hakika kama ipo. Vitu vya miaka ile viko kwenye diski nyingi na sijapata nafasi ya kuzifungua. Naomba uelewe. Nikipata muda nitaangalia.

Mwanao,
Direkta

17 Mei

Direkta,

Bati zimefika. Mwalimu mkuu amezipokea na kuzisaini. Hiyo ni kazi nzuri na naisema wazi, sitaki uje useme Mama Mdogo hana shukrani.

Sasa la pili. Usinipige chenga, nimekuosha masikio mimi. "Nikipata muda." "Sina hakika kama ipo." Wewe ambaye risiti ya betri ya kamera ile ya kuazima unayo mpaka leo! Mtu anayeficha hadi kifuniko cha kalamu ndiye anayeniambia hajui filamu yake ya kwanza iko wapi!

Na barabara ilikatika, ndiyo. Gari halikuvuka. Lakini watu walivuka kwa kamba, na kinyozi alikuwa mmoja wa walioshika kamba hiyo, siku ile ya mazishi. Alikuona. Ulikuwa ng'ambo, na begi lako jekundu, umesimama. Alikupungia mkono. Amenieleza siku ile ile, nikamwambia anyamaze, mwenyewe ataniambia. Nimengoja Februari, Machi, Aprili, sasa Mei. Umeniambia habari za meno ya mtoto, za mwenyekiti, za sifuri na o.

Sikuulizi kwa nini hukuvuka. Nimechoka kuuliza. Nataka filamu. Kama hutaki kunipa, toa jina langu kwenye hiyo safi yako, maana mwanga niliourudisha mimi ulikuwa unamwangukia yeye, na kama yeye hayumo mimi sikurudisha kitu.

Mama Mdogo

10 Juni

Mama yangu mdogo,

Shikamoo.

Baba Mdogo amefariki. Pole, Mama. Pole kwa kuondokewa na mumeo. Na mimi nimeondokewa.

Sijawahi kuiandika sentensi hiyo popote. Nilipolishika begi kule darajani nilikuwa nimejikaza kabisa, nikamwona kinyozi ananipungia, na kinyozi huwa hapungi mkono bila kucheka, safari hii hakucheka. Niliona nikivuka tu, basi ni kweli. Nikarudi nikapanda basi. Ndiyo hivyo, sina la kujipamba nalo.

Nakala ya zamani ilikuwepo, iko kwenye droo ya meza yangu, hata siku moja haikupotea. Ulipoandika kuhusu kovu nikaifungua droo, nikaifunga. Mke wangu akaniuliza hiyo droo ina nyoka? Barua yako ya Mei ilipofika akaisoma bila ruhusa yangu, akaitoa diski mwenyewe, akaichomeka, akaniambia kaa hapa. Mtoto akaja kukaa nasi. Baba Mdogo alipotokea na kofia ya polisi mtoto akauliza, "Babu ananitazama mimi?" Nililia mpaka mtoto akasahau meno yake akacheka.

Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia Kiti cha Kinyozi safi inaondoka, inaingia chafu. Tumegombana vibaya. Akasema nitajiaibisha mbele ya majaji, nikamwambia majaji wajitazame wenyewe. Akasema ratiba imeshatangazwa na filamu imekuwa ndefu, nikamwambia basi apunguze hotuba yake ya ufunguzi. Kwa hilo hajanisamehe hadi leo. Tulikuwa tumebakiza siku chache tu, mke wangu ndiye aliyeketi nami kurudisha kila kipande mahali pake.

Tumefungua Jumamosi. Mama, watu waliotazama wanaandika maneno pembeni wakati filamu inakwenda. Mwanzoni mmoja kauliza, "Huyo polisi ananitaka nini?" Alipotokea mgonjwa: "Si ni yule polisi?" Kufika shahidi wa ndoa, watu wasiojuana, kila mmoja yuko nchi yake, wote wanaandika kwa mkupuo, huyo tena, huyo tena. Hakuna aliyewafundisha. Tiketi ziliongezeka usiku ule ule, watu wanawaita ndugu zao waje wamwone. Majaji hawakutupa kitu. Mmoja aliandika kwamba mhusika wa nyuma hakudhibitiwa. Ni kweli, hakudhibitiwa.

Nina jambo moja tu linanisumbua. Nimemtazama mara nyingi sasa, kipande kwa kipande. Miaka yote nilimfokea kwamba anatazama kamera. Lakini macho yake hayaji kwenye kamera, Mama. Yanapita pembeni kidogo, kushoto kwangu. Kila mara, polisi, mgonjwa, mwenye povu, wote. Nikajiuliza kama alikuwa na makengeza nami nikamwonea bure kwa makelele yangu. Kama unajua, niambie.

Dereva ana sanduku. Ndani kuna diski, mashine ya kuonyeshea, na waya mrefu. Hakuna cha kubonyeza, ni swichi moja tu.

Mwanao,
Direkta

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara nyingi.

Pole yako nimeipokea. Nimeisoma kwa sauti darasani ili waisikie wote, maana wote walikuwa wanajua kwamba sijaipata. Mke wa kinyozi alisema "afadhali" akaenda kulala. Sasa hilo tumelimaliza, usije ukaanza kuniandikia kurasa na kurasa za majuto, sina mahali pa kuziweka. Mkeo mwambie nampenda. Mwambie aendelee kusoma barua zako bila ruhusa.

Sanduku limefika. Dereva safari hii hakuliwekea kitu juu, alilifunga mkanda kiti cha mbele kama abiria. Zahanati imepata paa na ukuta wake umepigwa lipu mpya, mweupe, ndipo tulipoonyeshea. Wajenzi wa daraja walileta jenereta, wakakaa wao wenyewe mstari wa mbele, tukawaondoa. Watu walikuja na vigoda, na ndoo, na chochote cha kukalia. Hiyo swichi yako moja ilitushinda kwa muda mrefu, ikaonekana waya haujachomekwa.

Alitokea. Nilijiambia nitajikaza. Watu wakanyamaza kabisa, Direkta, hata watoto, kila mtu ananitazama mimi badala ya ukuta, hawajui wafanye nini. Nikaona huu sasa ni upuuzi. Nikasimama juu ya ndoo nikapiga kelele: "Huyo tenaaa!" Ukuta mzima ukaanguka kwa kicheko, nasema ukuta maana ndivyo nilivyosikia. Tangu hapo kila akigeuka, watu wote: huyo tena. Mwalimu mkuu, mtu wa tai yule, amekaukiwa sauti mpaka leo anafundisha kwa kuandika. Tukairudia filamu yote tangu mwanzo. Kovu ni nyusi ya kushoto. Nimeshika pangu hapa, nimejua tena.

Sasa swali lako.

Makengeza unayo wewe. Umesoma, una tamasha, una mwenyekiti, na hujui ulikuwa umezungukwa na nani? Kushoto kwa kamera yako kila siku ya Mungu alisimama nani na shuka jeupe, pini mdomoni, mikono imekufa ganzi? Ulipokuwa unamfokea, mimi nilikuwa namkunjia uso huku pembeni: usitazame, we mwanaume, mtoto atalia! Siwezi kusema kwa sababu ya pini, basi natoa macho. Na yeye ili aone ninavyotoa macho inambidi ageuke. Akigeuka ananiona, anacheka kwa nyusi, kipande kimeharibika, unafoka tena, natoa macho tena. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikumbuka juzi tu, kwenye ile ya povu la sabuni, nilipojikuta juu ya ndoo nimemkunjia uso ukutani, naye, mwanangu, akanicheka vile vile.

Hakuwahi kuitazama kamera yako hata siku moja.

Daraja limekwisha, magari yanapita. Njoo na mkeo, na huyo mwenye meno. Lete begi lako jekundu. Kinyozi anasema atakuja kukungoja upande ule ule.

Mama yako Mdogo,
wa Mwanga